Bi Msasa na Gari la Shubiri Moja

Vuteni viti karibu, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyezikwa wiki iliyopita, fundi wa kupaka rangi magari. Gerejini walimwita Bi Msasa. Jina lilimkaa vizuri. Mdomo wake ulikwaruza, lakini gari likitoka mikononi mwake lilikuwa laini.

Alipaka rangi magari. Narudia, kwa sababu wapo waliodhani anauza chai pale gerejini. Mteja mgeni akiuliza, "Fundi yuko wapi?" yeye alijibu, "Unaongea naye. Gari limegongwa wapi?"

Siku moja alikuwa akipaka teksi ya buluu. Upande mmoja ulikwisha. Upande wa pili ulikuwa bado na rangi ya chini, ile ya kijivu. Hapo ndipo alipoanguka. Kiharusi. Mkono wa kulia, mkono wake wa kazi, haukuinuka tena. Mwenye teksi alisubiri, akachoka kusubiri, akaja kuichukua kwa adabu zote. Akampelekea fundi mwingine amalizie.

Kaka mkubwa wa Bi Msasa naye akaja.

"Dada, funga gereji. Mkono huo haufanyi kazi tena."

"Ninao mwingine, kaka."

"Wa kushoto? Hata kijiko unakimwaga."

"Basi kaa mbali na mchuzi wangu."

Wasikilizaji wapendwa, huyu mama alikaa kwenye meza ya jikoni akaanza kuitengeneza teksi ile ile, kwa mkono wa kushoto, ndogo ya kutosha kukaa juu ya sahani. Gari zima urefu wa shubiri moja. Bodi ya gari aliikata kwenye bati la kopo la maziwa. Boneti ya kwanza ilipinda, akaitupa. Ya pili akaitupa. Ya tatu akaikanyaga. Vioo alivitoa kwenye chupa ya plastiki, matairi kwenye kandambili iliyokatika. Kibao cha teksi juu ya paa kilikuwa kama punje ya mahindi. Usukani ulizunguka.

Binti yake ni mshonaji. Anasema alinyoosha mkono mara moja tu. "Nikamwambia, mama, nikushikilie? Akasema, ukishikilia litakuwa gari lako. Nikasema basi nishone viti. Akasema, wewe shona magauni. Kuna siku alilia, redio akaipandisha sauti nisimsikie. Kulipokucha yuko tena mezani."

Ikaja rangi. Tabaka la kwanza lilichirizika mlangoni. Akaacha likauke, akalisugua, akaanza upya. Likachirizika tena. Akasugua tena. Mwisho ikatulia, buluu pande zote mbili, inang'aa kama imelowa.

Mwenye teksi, dereva yule yule, akaja kumjulia hali. Akaiona mezani. Akainama.

"Hii si yangu?"

"Ya kwako uliondoka nayo," Bi Msasa akamwambia. "Hii nimeimaliza."

Dereva aliitazama pande zote mbili. Aliaga, akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudi gerejini na mlango wa gari begani, mlango wenyewe, umebonyea. Bi Msasa akaketi kwenye kigoda, mashine ya kupulizia rangi kwenye mkono wa kushoto. Alikwenda polepole. Dereva ametuambia hivi: "Niliupeleka juani. Nikatafuta kosa, maana kweli nilitaka kuliona. Sikuliona."

Si wote waliorudi. Wengine waliuona ule mkono unaning'inia, wakageuza magari yao. Aliwaacha waende, akaendelea na aliyekuwa mbele yake. Miaka mitatu mingine gereji ilikuwa wazi. Kiharusi cha pili kilimkuta humo humo, na boneti ya mtu imekwisha kukauka.

Tulipofika nyumbani kwao, gari lile dogo lilikuwa juu ya kabati. Kaka yake hakutuficha kitu. "Bado nasema," alituambia, "angepumzika, leo tungekuwa naye."

Binti akamgeukia palepale. "Mjomba, tungekuwa na nani? Aliyekaa bure asingekuwa mama."

Mzee alilitazama gari juu ya kabati. Sisi pia.

Kwa binti, kwa kaka, na kwa mafundi wote waliofanya naye kazi, poleni sana. Kipindi hiki kinalia pamoja nanyi. Mungu ampe mapumziko ambayo yeye mwenyewe hakuyaomba.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjageukia shughuli nyingine. Huenda humo nyumbani mwako yupo mtu ambaye umeshamwambia aache, akae, inatosha. Nenda kamuulize anataka kufanya nini leo. Kisha mpishe.