Mwananchi Namba Kumi na Nne

SHANGAZI: Haloo! Haloo? Nani mwenzangu?

WAZIRI: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Shangazi wa nani? Namba hii siijui.

WAZIRI: Ni mimi.

SHANGAZI: Akina mimi wako wengi, mwanangu. Jana kapiga mimi mmoja, ananiambia nimeshinda jokofu.

WAZIRI: Shangazi, ni mimi... Kibuyu.

SHANGAZI: Eeh! Kibuyu wangu! Mheshimiwa Waziri mwenyewe! Mbona unanong'ona kama umeingia jikoni kuiba sukari? Na maji ya nini hayo nasikia yanamwagika?

WAZIRI: Niko msalani, ofisini. Nimefungua bomba wasinisikie. Simu ni ya dereva.

SHANGAZI: Umepewa gari, bendera na walinzi, halafu shangazi yako unamtafutia chooni?

WAZIRI: Punguza sauti, shangazi—

SHANGAZI: Ngoja nisogee dirishani, mtandao wa huku hauingii ndani... (mkwaruzo) Haya, nimepanda kigoda. Sema kabla sijaanguka ukalazimika kuja msibani tena.

WAZIRI: Usiseme hivyo, tafadhali. Nilitaka tuzungumze habari ya kesho.

SHANGAZI: Ya kesi?

WAZIRI: Kwani una kesi nyingine?

SHANGAZI: Nitoe wapi? Ni hiyo hiyo moja. Mimi na wenzangu thelathini dhidi ya Waziri, aliyefunga zahanati yetu ili pajengwe nyumba ya kupumzikia Mkuu wa Nchi. Karani aliposoma jina lako nilitaka kuitika, maana ni jina la baba yangu.

WAZIRI: Shangazi, nakuomba kesho usije mahakamani.

SHANGAZI: Nisije? Na gauni nimeshalipiga pasi?

WAZIRI: Sema una homa.

SHANGAZI: Nikiwa na homa nitatibiwa wapi? Zahanati si umeifunga?

WAZIRI: (anaongeza maji ya bomba)

SHANGAZI: Haloo?

WAZIRI: Nipo.

SHANGAZI: Kitendawili!

WAZIRI: Shangazi, sina muda wa—

SHANGAZI: Kitendawili, nimesema!

WAZIRI: ...Tega.

SHANGAZI: Watu mia mbili na kumi na tatu wamefika mkutanoni, wote wanalia, na mwenyekiti amelala hapumui.

WAZIRI: Sijui.

SHANGAZI: Basi nipe mji.

WAZIRI: Chukua... chukua mji wowote.

SHANGAZI: Ndiyo kazi yako, kugawa miji yenye wenyewe. Haya, nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni mkutano wako wa maoni ya wananchi! Jaji alitaka muonyeshe kwamba mlituuliza kabla ya kufunga. Mkampelekea nini? Kitabu cha rambirambi cha mume wangu!

WAZIRI: Si mimi, ni katibu wangu. Alitakiwa apate majina na sahihi upesi, akakikuta kwenye mtoto wa meza yangu.

SHANGAZI: Ambamo kimekaa mwaka mzima. Ulikiazima uwaandikie watu kadi za shukrani. Sijaona hata moja.

WAZIRI: Kilikuwa na kila kitu. Majina, namba za simu, sahihi, na nafasi ya mtu kuandika lake la moyoni. Akatoa nakala, akaweka jalada jipya, akaandika juu, 'Maoni ya Wananchi'. Ndani hakusoma.

SHANGAZI: Jaji alisoma. Tena kwa sauti! 'Mwananchi wa kwanza anasema, Poleni sana, ni pigo kubwa. Wa pili anasema, Tutakumbuka ucheshi wake.' Akavua miwani, akamuuliza wakili wenu, 'Huyu anaizungumzia zahanati?' Na yule wakili, Mungu ampe haya, akajibu, 'Ndiyo, Mheshimiwa Jaji, wananchi waliipenda sana.'

WAZIRI: Nimeambiwa.

SHANGAZI: Nilicheka mpaka karani akaniletea maji. Halafu nikalia. Mume wangu yule, Kibuyu.

WAZIRI: Najua.

SHANGAZI: Sasa Jaji hataki nakala. Kesho saa tatu anataka kitabu chenyewe. Kiko wapi?

WAZIRI: Ninacho. Kiko ndani ya koti.

SHANGAZI: Umeingia nacho chooni?!

WAZIRI: Hakijalowa, shangazi!

SHANGAZI: Kiinue juu! Mtoto huyu, kichwa kikubwa hivyo kumbe ndani ni upepo mtupu—

WAZIRI: Nisikilize. Wakili ana mpango. Kama lazima uje, basi uje useme kwamba siku ile ya msiba watu walizungumzia pia zahanati. Hivyo tu. Itaonekana ulikuwa msiba na mkutano kwa pamoja.

SHANGAZI: Mbona walizungumzia kweli?

WAZIRI: (haraka) Enhe! Si unaona? Walisemaje?

SHANGAZI: Walisema gari la wagonjwa la zahanati lingekuwepo, mzee angefika hospitali kubwa. Walisema gari lilichukuliwa asubuhi likasindikize msafara wa Mkuu. Walisema mzee alipakiwa kwenye mkokoteni wa muuza mbao, na askari wakausimamisha pembeni mpaka msafara upite. Magari arobaini na moja. Mwenye mkokoteni aliyahesabu, maana hakuwa na la kufanya. La wagonjwa lilipita la mwisho, tupu. Nikayaseme hayo?

WAZIRI: (maji yanamwagika)

SHANGAZI: Haloo? Ni mtandao au ni wewe?

WAZIRI: Ni mimi.

SHANGAZI: Basi ifute hiyo amri leo, tusifikishane mbali. Kalamu si unayo?

WAZIRI: Siwezi. Nikiifuta itaonekana nampinga Mkuu.

SHANGAZI: Kwani Mkuu alisemaje hasa?

WAZIRI: Siku ile ya msafara alishuka pale kwenye zahanati, akajinyoosha mgongo. Akasema, 'Hapa pana upepo mzuri.'

SHANGAZI: Halafu?

WAZIRI: Akapanda gari.

SHANGAZI: Basi?

WAZIRI: Jioni tukaitana kikaoni. Mmoja akasema kauli ile ni agizo. Wa pili akasema ni agizo la haraka. Wa tatu alikuwa ameshachora ramani ya nyumba. Mimi nikaona nitakuwa wa mwisho, nikatia sahihi.

SHANGAZI: Na Mkuu mwenyewe anajua kwamba chumba chetu cha kujifungulia sasa ni sebule yake?

WAZIRI: Tulitaka tumshtukize siku ya ufunguzi.

SHANGAZI: Yaani hajui! Watu thelathini na mmoja tumechangishana nauli ya mahakamani, kumbe tunaushtaki upepo!

WAZIRI: Shangazi, sauti—

SHANGAZI: Hebu subiri. Hayo yote wakili wako angeweza kuja kuniambia. Wewe hukujifungia chooni kwa hayo. Kuna nini kingine?

WAZIRI: Kuna mwananchi namba kumi na nne.

SHANGAZI: Kwenye nakala yangu ukurasa huo umetoka mweusi tii. Hausomeki.

WAZIRI: Hata Jaji hakuweza kuusoma. Ndiyo maana anakitaka kitabu.

SHANGAZI: Namba kumi na nne ni nani?

WAZIRI: Ni mimi.

SHANGAZI: ...Uliandika nini?

WAZIRI: Wakili anasema niuchane. Ukurasa mmoja tu, itasemwa uliliwa na panya. Katibu yuko hapo mlangoni ananisubiri, mashine ya kukatakata karatasi imeshawashwa—

SHANGAZI: Nimekuuliza, uliandika nini?

WAZIRI: Shangazi...

SHANGAZI: Mume ni wangu na kitabu ni changu. Nisomee. Ukimaliza fanya utakavyo.

WAZIRI: (karatasi zinachakarika) 'Mjomba. Nilikuwa gari la pili. Niliuona mkokoteni. Nililiona shuka la shangazi, lile la maua ya bluu, nikajua ni wewe. Sikumwambia dereva asimame. Nisamehe.'

SHANGAZI: (kigoda kinakwaruza sakafu)

WAZIRI: (maji yanafungwa) Haloo? Shangazi? Umeshuka kwenye kigoda?

SHANGAZI: Nipo.

WAZIRI: Shangazi, mimi—

SHANGAZI: Mwaka mzima najiuliza kwa nini huji nyumbani. Nikasema labda nilikukosea mahali.

WAZIRI: Hapana! Kazi zilikuwa—

SHANGAZI: Usiseme kazi.

WAZIRI: ...Sisemi.

SHANGAZI: Jaji akiyasoma hayo kesho, itakuwaje?

WAZIRI: Jioni yake sina kazi.

SHANGAZI: Na ukichana?

WAZIRI: Nabaki kuwa waziri.

SHANGAZI: Waziri wa nini?

WAZIRI: ...Wa Afya.

SHANGAZI: Aha.

WAZIRI: (mlango unagongwa) Nakuja! Nakuja, katibu! ... Shangazi, salio la dereva linaisha, simu imeshalia mara mbili. Niambie nifanyeje.

SHANGAZI: Sikwambii. Ulipokuwa mdogo ukishindwa nilikutajia jibu, sasa una mvi. Mimi kesho saa tatu nitakuwa kwenye benchi la mbele. Nitaweka mkoba wangu pembeni, nikushikie nafasi.

WAZIRI: Upande wenu?

SHANGAZI: Upande wa mjomba wako.

WAZIRI: (mkwaruzo) ...leta mwenyewe.

SHANGAZI: Sikusikii! Mtandao!

WAZIRI: Nasema nitakileta mwenyewe! Kurasa zote!

SHANGAZI: Usiape kwa sababu unalia.

WAZIRI: Silii, ni bomba.

SHANGAZI: Bomba umelifunga zamani.

WAZIRI: (mlango unagongwa kwa nguvu) Katibu, zima hiyo mashine! Ndiyo, izime! Nimesema izime! ... Shangazi, kesho kutwa sitakuwa na gari. Nikija nyumbani nitachelewa.

SHANGAZI: Njoo tu, mwanangu. Hata ukija kwa miguu. Angalau hakuna atakayesimamishwa barabarani kwa ajili ya—

(Simu inakatika.)