Debe la Maji Meusi

Ndani ya basi la Sagana, mwalimu Khavere aliketi nyuma ya wanaume wawili wasiojuana: Ogutu, askari aliyekuwa likizo lakini bado amevaa sare, na Rasik, mwenye duka, aliyepakata debe la maji meusi yanayonuka. “Hiyo ni dawa ya kiapo cha waasi wa msituni?” Ogutu akanong’ona. “Hapana, bwana. Tumepika mbao na magadi tupate karatasi, maji hii ikabaki. Povu yake inatoa sabuni.” “Mimi nimekuamini. Lakini kwa kizuizi cha barabara wazungu hawana masikio.” “Basi wewe askari utanisemea.”

Basi likasimama kizuizini. Mzungu mwenye bunduki akaingia, akanusa, akauliza debe ni la nani. Rasik akamgeukia Ogutu. Ogutu akatazama nje. Khavere, aliyesikia yote, akafumba macho kama aliyelala.