Ndege wa Mistari Minene

Kijiwe chenyewe ni benchi moja na kreti mbili za soda ubavuni mwa karakana ya pikipiki. Asubuhi ile kahawa ilikuwa ya moto, ila mabishano yalikuwa ya moto zaidi. Aliyewekwa kikaangoni alikuwa Rangi, mchora mabango wa kibanda cha pili, aliyekuwa ameinamia simu yake kama aliyefiwa. Tangu mwaka jana alikuwa kwenye kundi la mtandaoni la watu wa kujitolea wanaotengeneza programu huria, ile ya bure ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Programu yao hukuza maandishi ya simu kwa wenye macho hafifu. Juzi Rangi aliwachorea nembo mpya bila kuombwa. Wameikataa, na kwenye ukumbi wao wa mazungumzo wamemfungia asiandike.

— Wivu tu huo! alisema Spana, fundi wa pikipiki, grisi imempanda hadi viwikoni. Kazi safi vile, tena bure, mtu anaikataaje? Mimi ukiniletea tairi la bure nitakuuliza umelitoa wapi?

— Utauliza kama si la trekta, alijibu Katiba, karani wa mahakama aliyestaafu kazi lakini si kuhoji watu. Rangi, kanuni zao ulizisoma?

— Nilizipitia, mzee.

— Ulizipitia kwa macho au kwa miguu?

Spana alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Rangi hakucheka. Ukweli ni kwamba alibonyeza "nimesoma" akakimbilia rangi zake, na sasa roho ilikuwa inamuuma.

Katiba aliichukua simu, akainyoosha mbali na uso, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

— "Mbunifu ajitambulishe kwanza. Aulize kinachohitajika kabla ya kuchora. Asitangaze biashara yake ukumbini." Haya, na hiki kilichoandikwa chini ya nembo yako ni nini?

— Namba yangu ya simu.

— Na hapa?

— "Napokea oda za fulana na mabango."

— Mungu wangu! Umeenda kumsaidia mtu kuhama nyumba, ukabandika tangazo mlangoni kwake!

— Mzee, acha kumkandamiza, Spana aliingilia. Kuna kitu hapo. Ile nembo ya zamani, yule ndege mnene, nawaambieni kuna kampuni kubwa imeshamnunua kisirisiri.

— Kampuni inunue ndege yule? alisema Katiba. Labda ni muhuri. Pengine bila yeye programu haina nguvu kisheria.

— Muhuri wapi! Ile ni alama ya setelaiti. Mistari minene vile, unadhani ya nini? Ionekane kutoka juu!

Rangi aliwaacha wapae. Yeye alikuwa anamuwaza Shangazi, ndivyo walivyomwita kundini yule mama aliyempokea siku ya kwanza. Shangazi ndiye aliyemfundisha namna ya kutuma kazi yake na alimwita mwanangu, ingawa hawakuwahi kuonana. Aliwahi kumwambia kwamba yeye mwenyewe husoma simu ikiwa imegusa pua. Mtu wa kujibu kila ujumbe, hata wa salamu tu. Tangu juzi hajamwandikia neno, na hilo ndilo lililomnyima Rangi usingizi, si kukataliwa nembo.

Fundi cherehani aliyehamia mtaani juzijuzi alikuwa amesimama pembeni akisubiri kikombe chake.

— Samahani kaka zangu, alisema. Huyo ndege wa zamani, alimchora nani?

Spana alimtazama Katiba. Katiba alirudi kwenye kanuni, akazipekua juu na chini, akamrudishia Rangi simu.

— Rangi, alimchora nani?

— Sijui. Sikuuliza.

Akakumbuka alichoandika juzi ukumbini, mbele ya wote, juu ya nembo yake mpya yenye mistari myembamba kama nywele: "Tumtoe huyu ndege, kachorwa na mtu asiyeona vizuri." Aliandika kwa utani, akaweka na vicheko vitatu. Sasa alimwona ndege yule upya, mweusi, mnene, jicho kubwa kama kifungo cha koti. Mtu anayesoma simu ikiwa imegusa pua angechora hivyohivyo, ili na yeye amwone. Uso ukamwaka kwa aibu.

— Ni Shangazi, alisema taratibu. Nimemtukana Shangazi.

Hakuna aliyekuwa na nadharia tena.

Ukumbini alikuwa amefungiwa, lakini kwa ujumbe wa faragha njia ilikuwa wazi. Akaandika: "Shangazi, shikamoo." Mengine hayakuja. Kisha akaanza kuyakuza yale maneno mawili, akayakuza tena, mpaka yakajaa kioo kizima, ingawa alijua fika kwamba programu yenyewe ingemkuzia Shangazi.