Nusu Saa ya Mwalimu Zena

Kijiwe chetu pale Kasulu kilikuwa benchi moja refu mbele ya duka la Khatibu, fundi cherehani, mahali ambapo barabara ya Kibondo inaachana na soko. Ukikaa hapo unasikia kengele ya shule kule juu. Mwaka wa sabini na nane akaja mwalimu mpya, binti aitwaye Zena, akaanzisha jambo: kila siku saa nne watoto watoke nje wakacheze nusu saa. Kabla yake, nusu saa hiyo walichota maji na kubeba matofali ya darasa jipya. Maneno yakawa mengi, na Alhamisi ile kamati ya shule ilikuwa ikutane jioni kuamua kama mchezo uendelee. Benchini tulikuwa wanne: Khatibu, ambaye tulimwita Redio kwa kuwa alirudia kila alichosikia hewani na kuongeza chake, Venanti, yaani Tarishi, aliyewahi kupeleka barua za boma, Tharsisi, tuliyemwita Tanga kwa sababu ya miaka aliyokata mkonge huko, na mimi, fundi baiskeli. Tharsisi alikuwa mjumbe wa kamati. Na ilikuwa siku ya tatu amemzuia binti yake Kezia, wa darasa la saba, asiende shule.

Abdulrahmani, muuza kahawa, alipokwisha kutumiminia, Khatibu akaanza.

— Tanga, Kezia yuko wapi?

— Anapalilia maharage.

— Na mtihani?

— Kama shule ni kurukaruka, hata shambani kwangu nafasi ipo.

— Umefanya la maana, Venanti akasema. Mtoto akicheza kila siku viungo vinalegea. Kule Munanila yupo mmoja, kacheza mpaka goti likageuka.

— Likageukia wapi? nikauliza.

— Nyuma, bwana! Sasa anatembea kama kuku.

— Hilo dogo, Khatibu akasema. Leo nusu saa, mwakani watadai saa nzima. Wakikua wataandika barua wilayani, majembe nayo yapumzike. Nchi nzima itasimama, watu na ndevu zao wanarushiana mpira wa matambara!

— Na wale wa Mabamba? Venanti akadakia. Watakimbizana hivyo hivyo mpaka wavuke mpaka. Wanakuja kushtuka, wako Burundi, wanaulizwa vyeti!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Tharsisi hakucheka.

— Mimi sikumtoa kwa ajili ya magoti, akasema. Jumatatu nilipita pale shuleni na mzigo wa miwa begani. Nikamwona. Yuko katikati, wenzake wanamrushia mpira, anakwepa, anaruka, anacheka. Nimemlea miaka kumi na mitatu. Kicheko kile sijapata kukisikia nyumbani kwangu hata siku moja. Na mwalimu kajifunga kanga kiunoni, anacheka nao. Nikajiuliza, huyu mtoto ni wangu au ni wake?

— Ukaona wivu, nikasema.

— Wivu? Mimi? Kwa mtoto niliyemzaa?

Akageuza uso barabarani. Nilijuta kusema, maana wiki ile ile mimi nilimchapa mwanangu kwa sababu ya vumbi kwenye sare. Mama yake nilimwambia ni vumbi. Haikuwa vumbi. Alikuwa ameingia uani anaimba, nami nimeinama juu ya gurudumu tangu alfajiri, na roho ikaniuma.

Ndipo Mwalimu Zena mwenyewe akashuka kutoka shuleni. Akasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Tharsisi hakumpa nafasi.

— Kura yangu unaijua, Mwalimu.

— Sikuja kwa ajili ya kura, mzee. Nimemfuata Kezia. Mtihani umebaki wiki mbili, na hesabu anaziweza kuliko wote.

— Uache kwanza huo mchezo wako.

Zena akamtazama. Hakuwa na hasira. Akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli:

— Mzee, wewe ulipokuwa na umri wake, ulikuwa unacheza mchezo gani?

Tharsisi akafungua mdomo. Tukasubiri. Akiwa na umri wa Kezia alikuwa kwenye lori la manamba, vibarua wa mkonge, na baba yake, kibati cha namba shingoni. Akamgeukia Venanti, kama kuazima jibu. Venanti akakitazama kikombe. Khatibu, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kutafuta sindano ambayo haikupotea. Nami nilijitafuta: mbuzi, mihogo ya kubeba, maji, mbuzi tena. Mchezo sikuukuta.

Kisha Tharsisi akasema, sauti imeshuka:

— Kesho atakuja. Ila mimi usiniite kutazama.

Jioni kamati ilipiga kura, mchezo ukabaki. Tharsisi hakunyoosha mkono upande wowote.

Asubuhi yake nilikuwa nafungua kibanda nilipowaona wanapita, baba mbele, Kezia nyuma na madaftari yake. Walipofika njia panda, Kezia akampita baba yake, akaanza kukimbia kupanda mlima.

— Kezia! Taratibu! Tharsisi akaita.

Mtoto akasimama, akageuka kumsikiliza.

— Basi, baba yake akasema. Kimbia.