Mwalimu Ignatio na Mtandio wa Zamda

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha, Mwalimu Ignatio Kapinga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1997. Aliajiriwa kufundisha jiografia, lakini sisi tuliokuwa naye hapa shuleni tunamkumbuka zaidi uwanjani asubuhi, ukungu wa Mbinga haujainuka, wasichana wakikimbia ndani yake, wakipotea na kutokea tena, naye kasimama na filimbi kama mtu anayeota. Kaptula zake zilikuwa fupi kiasi kwamba masista walipopita hapa walitazama milima.

Mwaka 1989 alimwona Zamda, binti wa Mbamba Bay aliyekuwa kidato cha pili, akikimbia kama hakanyagi chini. Mama yake, Bi Hasna, hakukataa mbio, alikataa bukta. Mwalimu akateremka mpaka kwao ziwani kumbembeleza. Masharti yakawa suruali ndefu, mikono mirefu, na mtandio usiomvuka kichwani. Mwalimu alipoapa kwamba hautamvuka, Bi Hasna akampa mtandio, akamtaka auvae yeye kwanza akimbie. Akajifunga, akakimbia mchangani mbele ya wanawake waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwani. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtandio haukumvuka, na ruhusa ikatoka. Suruali ilipatikana sokoni, kwenye marobota ya mitumba yaliyoanza kuzagaa siku hizo.

Kwenye mashindano ya mkoa, Songea, mwamuzi akasema kila mkimbiaji lazima avae bukta na awe kichwa wazi. Mwalimu aliomba mpaka sauti ikamkauka. Zamda, machozi yakimlenga, akaanza kufungua pini za mtandio mwenyewe. Mwalimu akamzuia, kwa kuwa alishampa mama yake neno. Kombe likaenda kwa wengine, na shuleni tulimnunia wiki nzima.

Jioni ile ya mashindano, watu walipotawanyika, Mwalimu alimwambia Zamda akimbie. Akakimbia peke yake, raundi baada ya raundi, vumbi jekundu likipanda taratibu nyuma yake. Wauza karanga waliokuwa wakifunga mizigo wakasimama kutazama. Hakuna aliyepiga makofi. Mpaka leo nikiikumbuka jioni ile, sina hakika kama niliiona au niliiota.

Likizo ilipofika, Mwalimu aliteremka tena ziwani kumweleza Bi Hasna kwamba binti yake hakushindana, na kwa nini. Mama aliendelea kugeuza usipa kwa mikono yake. Kisha akasema, "Mwalimu, mwakani mchukue na mdogo wake."

Kila mwaka Mwalimu alirudi kwa waandaaji kuomba, hadi mwaka 1992 sharti likalegezwa. Zamda alikuwa ameshamaliza shule. Aliyekata utepe Songea akiwa na mtandio kichwani alikuwa Rukaiya, yule mdogo mtu, na Bi Hasna alikuwepo, amesafiri kutoka ziwani kuja kumwona.

Mwalimu Ignatio, asante kwa kulitunza neno lako hata lilipotugharimu kombe. Nenda Litembo ukaitunze kahawa yako. Mungu akupe uzima, na siku zako zote ziwe njema.