Fundi Yumo Bafuni

Seremala alikuwa amepakata msumeno wake, masikio yote kwa mama waliyeketi naye kiti kimoja basini.

"Mume wangu hana haja ya fundi, kaka. Jana kajifungia bafuni kupaka rangi mwenyewe. Kapaka mlango, kapaka fremu, kapaka mpaka upenyo wa katikati. Rangi ya mafuta ikakauka, mlango ukaganda hapo hapo."

"Pole, dada. Alitokaje?"

"Nani katoka? Kuupiga teke hataki, eti rangi itachubuka. Chai nimempitishia kwenye nondo za dirisha."

Simu ikalia mkobani mwa mama. Basi zima liliisikia, isipokuwa mwenyewe.

"Dada, mimi ni seremala. Nikamfungulie?"

Basi likasimama. Mama akainuka, akatengeneza mtandio wake.

"Asante, kaka, ila tusimkatize bwana. Dari bado hajapaka."