Hadithi Iliyogawanywa Kama Belo

ZULEKHA: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, hapa kuna spika inatangaza viatu tangu asubuhi—

SITARA: Ni mimi, mama mdogo. Sitara. Shikamoo.

ZULEKHA: Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona? Uko msibani?

SITARA: Niko chuoni, kwenye korido. Mama mdogo, zile karatasi—

ZULEKHA: Umekula?

SITARA: Nimekula. Zile karatasi za—

ZULEKHA: Umekula nini?

SITARA: Mihogo.

ZULEKHA: Mihogo! Mwalimu wa chuo kikuu anakula mihogo mchana! — Dada, hiyo ni ya mtoto wa miaka mitatu, huyo wako ataingiza mguu mmoja tu. — Ehe, karatasi. Zina nini?

SITARA: Nilikupa hadithi umpelekee Kitwana atoe kopi. Kila mwanafunzi apate nakala nzima. Halafu uziweke kwenye bahasha nne, viongozi wa madarasa wazipitie hapo dukani kwako.

ZULEKHA: Wakazipitia. Watoto wana adabu! Yule mrefu wa uhandisi, nani vile—

SITARA: Ridhiwani.

ZULEKHA: Huyohuyo. Kanunua na kaptula.

SITARA: Mama mdogo, nimeingia darasani sasa hivi. Watu wa kilimo wana mwanzo peke yake. Wahandisi na wauguzi wana katikati, tena kila mmoja katikati yake. Wahasibu wana mwisho. Hakuna hata mmoja mwenye hadithi nzima!

ZULEKHA: Ndiyo.

SITARA: Ndiyo nini?

ZULEKHA: Ndivyo nilivyogawa.

[Spika ya viatu inasikika kwa mbali.]

SITARA: Uligawa?

ZULEKHA: Sasa mwanangu, nilitazama ule mzigo. Kurasa zile zote! Nikasema, hawa watoto wa watu si wa fasihi. Huyu anasomea sindano, huyu madaraja, huyu mahindi. Wana mitihani yao. Unawabebesha belo zima la nini? Sisi hapa tukinunua belo la mitumba wanne, kuna anayebeba peke yake?

SITARA: Hadithi siyo mitumba, mama mdogo!

ZULEKHA: Sijasema mitumba. Nimesema belo. Tena nimegawa kwa haki, asije mtu akasema nimependelea wauguzi kwa sababu Elieshi kaja kaniamkia vizuri. Nimepanga mafungu manne chini. Badria, msichana anayenisaidia dukani, kageuka, kanipa mgongo. Nanyoosha kidole: hili la nani? Yeye haoni, anajibu: la wahandisi! Na hili? La wauguzi! Mpaka yakaisha.

SITARA: [anacheka, anajizuia] Kwa hiyo Badria ndiye aliyewapa wahandisi ugonjwa wa yule binti wa hadithi.

ZULEKHA: Riziki yao.

SITARA: Na wauguzi wamepewa daraja!

ZULEKHA: Wajifunze na wao kugonga misumari. Mbona unacheka kama unalia?

SITARA: Kwa sababu leo ndiyo siku yenyewe. Dokta Leodegar anakuja.

ZULEKHA: Yule mkuu wenu wa idara? Mwenye sauti ya—

SITARA: Huyo. Anakuja kukaa darasani kwangu saa nane. Wiki iliyopita alipita mlangoni akakuta nusu ya darasa wamelala. Samson wa uhasibu alikuwa anakoroma, mama mdogo. Anakoroma! Ridhiwani kachomeka simu kwenye soketi anafanya hesabu zake. Dokta akaniita ofisini. Akasema fasihi ya dunia niwaachie wanafunzi wa lugha. Akija leo akikuta vilevile, somo linafutwa, na mkataba wangu ukiisha, hauongezwi.

ZULEKHA: Kumbe.

SITARA: Ndiyo hivyo.

ZULEKHA: Mbona hukuniambia?

SITARA: Ungesema nije dukani.

ZULEKHA: Ningesema. — Kaka, usivute hivyo, utaichana, hiyo ni shati siyo kamba! — Ningesema, na ungekataa, na ningekaanga samaki ukaja ukala ukarudi zako chuo. Sasa unataka nini?

SITARA: Mkimbilie Kitwana. Apige picha ile nakala yangu ya kwanza, kurasa zote, anitumie kwenye simu. Niwasambazie kwenye grupu kabla Dokta hajafika.

ZULEKHA: Haipo.

SITARA: Haipo vipi?

ZULEKHA: Wino wa mashine uliisha kwenye fungu la mwisho. Kitwana akasema tusubiri kesho. Samson akawa ameshafika. Nikamwambia basi, chukua hizihizi za mwalimu, mpigiane picha huko. Hayo mafungu mengine ya kwako yako hapa. Mwisho wanao wao.

SITARA: Yaani mwisho wa hadithi, duniani kote, uko kwa Samson?

ZULEKHA: Mwambie atoe.

SITARA: Nimemwambia! Kaniambia, "Mwalimu, tumekubaliana hautoki mpaka wenzetu waeleze vya kwao." Wamekalia karatasi, mama mdogo. Hivi ninavyokwambia Samson kaikalia kabisa, kwa makalio.

ZULEKHA: [kicheko kirefu] Huyo nampenda. Huyo anajua kuuza.

SITARA: Usicheke, tafadhali. Nifanye nini? Nimefikiria niahirishe. Niseme naumwa.

ZULEKHA: Unaumwa nini?

SITARA: Chochote. Homa.

ZULEKHA: Homa wanayo wahandisi.

SITARA: Mama mdogo!

ZULEKHA: Haya, yameisha. [Mtandao unakwaruza] —lele gani hizo? Sitara? Nasikia makelele.

SITARA: Ni humo darasani.

ZULEKHA: Wanapigana?

SITARA: Sijui. Subiri nichungulie.

[Mlango unalia.]

SITARA: Ridhiwani amesimama juu ya kiti.

ZULEKHA: Juu ya kiti! Na kaptula niliyomuuzia?

SITARA: Anawauliza wauguzi, "Baba yake yuko wapi? Binti ana siku ya tatu hajala, baba yake yuko wapi?" Ana... mama mdogo, ana hasira kweli. Huyu ndiye aliyeniambia hajawahi kumaliza kitabu kisicho na namba.

ZULEKHA: Na wauguzi wanamjibu nini?

SITARA: Elieshi anasema baba yuko njiani, kazuiwa na mto. Daraja limekwenda na maji, na anaunda kivuko kwa milango ya zizi. Halafu... ngoja... Ridhiwani anamuuliza milango mingapi, imefungwa na nini. Anasema kwa kamba hiyo haifiki. Elieshi karibu anamtupia karatasi. "Wewe niambie homa imepanda au imeshuka, mambo ya kamba niachie mimi!"

ZULEKHA: Hao wa mahindi?

SITARA: Hao ndio wenye mwanzo, wanajua baba na binti waligombana. Wanapita kila kundi wanasema, "Msimuonee huruma yule mzee, hamjui alimwambia nini siku anaondoka."

ZULEKHA: Alimwambia asirudi na hiyo skafu nyekundu. Akasema rangi ya—

[Anajikatiza.]

SITARA: Mama mdogo.

ZULEKHA: Abee.

SITARA: Umeisoma.

ZULEKHA: Nilikuwa napanga karatasi. Mtu akipanga karatasi macho hayafumbi.

SITARA: Wewe uliyeniambia hadithi ni za watoto wanaosubiri wali uive.

ZULEKHA: Nilisema hivyo mimi?

SITARA: Mbele ya mjomba Bakili na majirani wote.

ZULEKHA: Basi siku ile wali ulichelewa. [anakohoa] Anaandika vizuri huyo mtu wako. Ametoka nchi gani vile?

SITARA: Mbali. Kwenye theluji.

ZULEKHA: Nimeiona hiyo theluji, imejaa kote. Nikavuka nayo hivyohivyo. Mtu kavaa ngozi ya kondoo, anasugua mikono, mimi hapa nimeloa jasho napepea na kipande cha boksi. Lakini yule mzee namjua. Yule wa kusema neno, halafu anakwenda kusimama nyuma ya nyumba.

SITARA: Ulifika wapi?

ZULEKHA: Pale maji yanapopanda.

SITARA: Hilo ni fungu la wauguzi. Fungu la mwisho je?

ZULEKHA: Nilikuwa nalo mkononi.

SITARA: Hukusoma?

ZULEKHA: Wateja walijaa.

SITARA: Kwani Samson si alikuja Jumapili jioni? Jumapili jioni hapo huwa hakuna mtu—

ZULEKHA: Walijaa, Sitara.

[Mtandao unakwaruza.]

SITARA: Upo?

ZULEKHA: Nipo.

SITARA: Siku ile mama anakata roho barabara ilifungwa kwa mafuriko, mama mdogo. Askari walikuwa wamesimama palepale Jangwani, hakuna aliyevuka. Mama alijua. Aliniambia mwenyewe, "Zulekha yuko njiani, maji tu."

ZULEKHA: Alisema hivyo?

SITARA: Alisema.

ZULEKHA: Hujawahi kuniambia.

SITARA: Hujawahi kuniacha niseme. Nikianza tu, unaniuliza nimekula nini.

ZULEKHA: [kicheko kidogo] Mihogo. [anapenga kamasi] — Hapana dada, siyo wewe, chagua tu, vumbi la mitumba hili. — Sitara. Katika hadithi zote za dunia nzima, umechagua hii?

SITARA: Niliisoma mwaka wa pili, maktaba. Nikatazama jina la mwandishi mara mbili. Nikasema huyu mtu hajawahi kufika kwetu Magomeni, hajui hata iko wapi. Amejuaje? Nilitaka na wao wajiulize hivyo, mmoja tu hata. Ndiyo maana nafundisha. Siyo kwamba sijui kuuza nguo.

ZULEKHA: Hujui kuuza nguo.

SITARA: Sijui.

ZULEKHA: Ulimpa mtu blauzi bure kwa sababu alikuwa na macho ya huzuni.

SITARA: Alikuwa nayo kweli! — Mungu wangu.

ZULEKHA: Nini?

SITARA: Anakuja. Dokta. Kawahi. Yuko mwisho wa korido, kashika kalamu.

ZULEKHA: Jifunge vizuri. Usikate simu!

SITARA: Shikamoo Dokta... Ndiyo, humu humu... Hapana, si vurugu, ni... wana... karibu ndani.

[Kishindo. Makelele ya darasa. Sauti za vijana zikiita, "Kaa hapa, Dokta, huku wana homa!"]

ZULEKHA: Sitara? Sitara! Wamemfanya nini mtu mzima?

SITARA: [ananong'ona] Watu wa kilimo wamemkalisha kwao. Wamempa karatasi.

ZULEKHA: Anasoma?

SITARA: Anaipindua. Anatafuta ukurasa unaofuata. Hakuna.

ZULEKHA: Kakunja uso?

SITARA: Kakunja. Ananiita. Anasema, "Mwalimu, nakala yangu imekatika." Nimwambie nini?

ZULEKHA: Mwambie ukweli. Sema mama yako mdogo wa Kariakoo ndiye aliyekata. Mimi hawezi kunifuta kazi.

SITARA: Dokta, hadithi imegawanywa, ni... ni kosa letu, tuliigawa kama belo. Inayofuata wanayo wahandisi... Mama mdogo, ameinuka.

ZULEKHA: Anaondoka?

SITARA: Amebeba kiti. Anakwenda kwa wahandisi. Ridhiwani anamsomea homa. Na Dokta anamwambia asome taratibu.

ZULEKHA: Ehe!

SITARA: Sasa anaipiga meza kwa kalamu. Anauliza habari za skafu kama wewe, binti aliondoka nayo au aliiacha. Watu wa kilimo wote wanapiga kelele, "Aliiacha!"

ZULEKHA: Si nilijua! Aliiacha mlangoni!

SITARA: Na wauguzi wamewageuzia viti. Sasa... he!

ZULEKHA: Sema, mwanangu, usinikatie katikati!

SITARA: Amemnyooshea mkono Samson. Anataka mwisho.

ZULEKHA: Kampa?

SITARA: Samson hajanyanyuka. Kamwambia, "Dokta, samahani, bado hujafika kwa wauguzi."

ZULEKHA: [kicheko] Mtoto huyo aje nimpe shati!

SITARA: Darasa zima wamemgeukia Dokta.

ZULEKHA: Na Dokta?

SITARA: Amevua miwani. Amegeuka kwa Elieshi. Anasema, "Haya, daraja." Mama mdogo, dakika zangu zinaisha, simu inalia.

ZULEKHA: Usikate! Ngoja afike kwenye maji.

SITARA: Ananiita. "Mwalimu, funga mlango. Mtu asitoke mpaka Samson asome." Na anauliza wiki ijayo tunakwenda nchi gani. Mama mdogo, kasema wiki ijayo! Umesikia?

ZULEKHA: Nimesikia, mwanangu. Nimesikia. Funga mlango.

SITARA: Nakushukuru. Na yale mafungu, na—

ZULEKHA: Nishukuru kwa kosa? Nenda. Kaa wima. Usiwape blauzi bure. Sitara—

SITARA: Abee?

ZULEKHA: Yule mzee. Alivuka?

SITARA: [mtandao unakwaruza] Alivuka, mama mdogo. Alivuka, akafika mlangoni, akamkuta—

[Mlio mrefu.]

ZULEKHA: Akamkuta nini? ... Haloo? ... Haloo, akamkuta vipi? ... Sitara! ... Badria! Wee Badria! Njoo unishikie duka. ... Hapana, sijapata habari mbaya, ndiyo naifuata. ... Chuo. Naenda chuo. Niambie haraka, jengo la uhasibu mtu anaulizia wapi?